Kilimia Kabla ya Mulika Mwizi

Siku darubini yangu ya kwanza ilipoteremshwa kutoka kwenye buti ya basi mjini Migori, watu wa steji waliizunguka kabla sijafika kuichukua. Kasha lake lilikuwa refu, na upande mmoja karatasi ilikuwa imepasuka ikaacha wazi mdomo mweusi, mpana kama sufuria ya ugali wa watu sita. Mmoja akasema ni bomba la moshi. Mwingine akasema ni pampu ya maji. Halafu mama mmoja muuza ndizi, kwa kuwa mji wetu hauishiwi na habari za dhahabu, akakata shauri kwamba ni mashine ya kuona dhahabu ikiwa bado iko ardhini, na hapo ndipo nilipoanza kuheshimiwa. Nilipowaambia ni ya kutazama juu, walicheka mpaka makanga wa basi akashika mbavu.

"Basi wamekuuzia mbaya," akaniambia. "Dhahabu iko chini, bosi."

Sikujali. Nililibeba kasha lile hadi studio nikiwa nimevimba kichwa, na nilipita njia ya mbele, ile yenye watu wengi.

Inafaa niseme mapema kwamba mimi ni mpiga picha. Napiga harusi, mazishi, picha za pasipoti, watoto waliofaulu mtihani, na wazee wanaotaka picha kubwa ya ukutani wakiwa bado wana meno. Katika kazi yetu ukubwa wa lenzi ni heshima. Ukifika kwenye harusi na lenzi ndefu, bibi harusi anatulia, wajomba wanajipanga wenyewe, na wapishi wanakutengea nyama. Ukifika na lenzi ndogo, unaulizwa mpiga picha mwenyewe anakuja saa ngapi. Kwa hiyo nilipoingia kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaopiga picha za angani, nikawauliza ni darubini ya kipenyo gani inafaa kwa vitu vya mbali, vile visivyo mwezi wala sayari, nilikuwa na jibu langu mfukoni tayari. Kubwa. Nilitaka waniambie tu kubwa kiasi gani.

Wao wakanijibu kwa swali: "Unataka kupiga nini?"

Niliona wananizungusha, kama fundi wa simu anayekuuliza ilianguka vipi badala ya kuitengeneza. Nikatoka kwenye kundi na kununua ya inchi nane kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa anahama.

Jibu la swali lao nilikuwa nalo, lakini nililiona dogo mno kulitaja mbele ya watu wazima. Nilitaka kupiga nyota za Kilimia, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ameniagiza.

Mke wangu ni Mluo wa Bonde la Lambwe, na mimi ni Mkuria niliyekulia karibu na soko la mifugo la Ogwedhi, kwa hiyo na wakwe zangu tunasemezana Kiswahili. Kusemezana kwenyewe kuna utaratibu. Kwa desturi ya kwao, na kwetu ni vivyo hivyo, mwanamume halali katika boma la wazazi wa mkewe. Mama mkwe hampi mkono, hakai naye karibu, na kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa tatu hata kama wote wawili wanalisikia vizuri. Katika miaka yote ya ndoa yetu, mama huyu alikuwa hajawahi kunikaribia zaidi ya upana wa sebule yake. Nilimjua kwa sauti, kwa mapishi, na kwa ubavu, maana alikuwa akiongea nami amegeuza uso kwenye dirisha.

"Mwambie Ora," alimwambia mke wangu siku hiyo, nami nimeketi pale pale nikichambua samaki, mbuta wa kukaanga. Ora ndiyo mkwe kwa Dholuo. "Mwambie ile mulika mwizi inakuja. Watasimamisha hapo sokoni."

"Amesikia, Mama."

"Mwambie ni sisi tuliomba. Mimi na wamama wa soko. Nimechoka kuuza nyanya usiku na tochi kwa mdomo."

"Amesikia."

"Sasa mwambie, taa naitaka. Lakini Kilimia pia naitaka. Si yeye ni mtu wa picha? Apige Kilimia ya hapa kabla taa ikuje. Nitundike hapo."

Akanyoosha kidole kwenye nafasi tupu ukutani, katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yetu. Mke wangu alikuwa ameacha kutafuna. Utotoni yeye alikuwa akiosha vyombo nje ya jikoni na mama yake baada ya chakula cha jioni, na Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota kinachopanda wakati wa kiangazi, ndicho walichokuwa wakikitazama huku mikono ikiwa kwenye maji. Aliwahi kunionyesha tulipokuwa tunachumbiana. Mimi nilikuwa nimekaa mjini mpaka nikasahau kwamba kuna kitu juu ya taa za barabara.

Taa ile ingekuwa mlingoti mrefu kuliko mti wowote wa pale, na kutoka sokoni hadi bomani kwao ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Ikishawashwa, Kilimia cha pale kingebaki cha kusimuliwa. Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba nitapiga. Niliahidi kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Mwezi wa kumi na mbili tukaenda na darubini ya inchi nane. Ilichukua kiti chote cha nyuma cha gari, na vyuma vyake vya mizani vilikaa miguuni mwa mke wangu hadi Lambwe. Kabla sijafungua kasha, likazuka suala la kisheria. Nyota hupigwa usiku. Mkwe halali bomani. Je, mkwe anaweza kukaa hapo usiku akiwa macho?

Baba mkwe, mzee wa kanisa la Sabato na mkulima wa mtama, alilitafakari jambo hilo tangu chai ya saa kumi hadi jua kuzama. Hatimaye akatoa hukumu. Nikae nje ya ua wa minyaa, upande wa shamba, maana nje ya ua si bomani. Saa tatu usiku gari langu liwe limeondoka, majirani walione. Na kwa muda wote nitakaokuwa pale nisilale hata kidogo.

"Hata kama ni kusinzia tu kwa kiti," alisema, "hiyo ni kulala."

Akaleta kiti chake na redio yake ndogo, akaketi kando yangu kunilinda nisisinzie. Taarifa ya habari ilipofika michezo, alikuwa anakoroma. Nilimwuliza mke wangu desturi inasemaje kuhusu mlinzi. Akasema baba yuko kwake, analala anapotaka.

Usiku ule mambo yalikwenda mrama tangu mwanzo. Kufunga stendi, kutundika vyuma, kulenga, kufungua tena kwa sababu nilifunga kinyume. Saa mbili ilinikuta bado nina spana mkononi. Bomba lenyewe lilisimama juu kuliko kichwa changu, na upepo unaopanda kutoka ziwani ulilisukuma kama mtu anayejaribu mlango. Nyota zikatoka ndefu ndefu, mfano wa njugu. Upepo ulipotulia kidogo nikapata picha moja iliyonyooka, nikaikuza kwenye kioo cha kamera, nikatafuta Kilimia. Palikuwa na nyota tatu. Nyingine zote zilikuwa nje ya picha. Nikasogeza bomba, nikapata nyingine mbili na kupoteza mbili. Nilipofungua vyuma kwa hasira nikajiminya kidole, nikatukana kwa Kikuria ili wakwe wasielewe.

Nililala mjini Mbita. Njiani, barabara ilipokaribia ziwa, niliona taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, zimetapakaa majini, nyingi sana, maana wao nao hungoja siku zisizo na mwezi kama sisi. Siku nyingine ningesimamisha gari nitazame. Usiku ule niliziona kama mulika mwizi zilizonitangulia.

Kesho yake nilimchukua mke wangu tukarudi Migori. Yeye ndiye hunisaidia kwenye harusi. Mimi nabonyeza, yeye anapanga watu: wewe mrefu nyuma, mama sogea, mtoto kaa chini. Hajui milimita za lenzi, lakini anajua watu wanaingia vipi kwenye picha.

"Unapiga ukoo mzima na lenzi ya kupiga pua," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Ukoo ukiwa mkubwa harusini unafanyaje?"

"Narudi nyuma."

"Sasa hapa utarudi nyuma mpaka wapi?"

Nilikasirika. Nilikasirika kilomita nyingi, mkono mmoja kwenye usukani, nikitafuta la kumjibu. Halafu nikaanza kucheka, na yeye akacheka, mpaka ikabidi nisimamishe gari kando ya shamba la miwa. Yale maneno yake ndiyo lile swali la watu wa mtandaoni, ila wao hawakulisema kwa lugha ya harusi. Unataka kupiga nini? Kilimia ni ukoo uliotawanyika. Bomba langu kubwa lilikuwa la kutazama mtu mmoja akiwa mbali sana.

Jioni ile nilirudi kwenye kundi nikaomba radhi, na safari hii nilisoma kila walichoniandikia. Kipenyo cha darubini ni kama mdomo wa beseni uliloweka nje likinge mvua. Beseni pana hujaa haraka, hilo ni kweli, na kwa anayetazama kwa jicho, upana ndio kila kitu. Lakini kamera ina subira kuliko jicho. Beseni dogo nalo ukiliacha nje mvua ndefu litajaa, mradi halitikisiki. Kwa hiyo anayeanza, walisema, aweke akili yake kwenye stendi imara inayofuata nyota polepole, achague bomba fupi linalobeba anga pana, na kipenyo kiwe kile ambacho stendi itakibeba bila kutetemeka na yeye mwenyewe atakibeba bila kulaani. Mimi nikaongeza sharti langu ambalo kundi zima halikuwa nalo: kiwe kinaweza kufunguliwa, kutumika na kufungwa kabla ya saa tatu, ili mtu asilale kwa wakwe.

Nikabadilishana. Mwalimu mmoja wa Kisumu alikuwa na bomba dogo na stendi nzuri, na alikuwa akililia kubwa kwa ajili ya wanafunzi wake, watazame sayari. Tulipeana kwa mabasi. Yangu ilipofika steji, makanga aliipitisha dirishani pamoja na kuku wa mtu. Mdomo wake ulikuwa mdogo kama wa kikombe cha chai. Hakuna aliyeuliza ni nini. Yule mama wa ndizi alinitazama kwa huruma, nadhani akidhani dhahabu imenishinda.

Mwezi wa kwanza habari ikaja kwamba mlingoti umesimama na mheshimiwa angekuja Jumapili kuuwasha rasmi. Tukafunga studio Alhamisi, tukaenda. Alhamisi mawingu yalitanda kutoka mlimani hadi ziwani, tukala samaki, nikaondoka. Ijumaa jua lilizama kwenye anga safi kabisa, na pamoja na jua ikaingia Sabato.

Nilijua, lakini nilijitia hamnazo. Nikatoa stendi. Mke wangu akatumwa.

"Mama anasema Sabato imeingia."

"Mwambie Mama mbingu ni kazi ya Mungu, si yangu."

Akaenda, akarudi. Alikuwa akijizuia kucheka. "Anasema ni kweli. Kwa hivyo kuangalia ni ruhusa. Kubonyeza ndiyo kazi."

"Na mota ya stendi?"

Akaenda, akarudi. "Mota pia ni kazi. Ipumzike."

Wapo watu ambao wangenung'unika, na mimi ni mmoja wao, nikanung'unika. Anga bora kuliko zote na nimefungwa mikono! Lakini nikatoa kamera, nikaweka kioo cha kutazamia kwa jicho, nikalenga Kilimia. Nikakitazama kwanza mimi. Miezi yote ile nilikuwa nimekitafuta kwenye kioo cha kamera na kwenye hesabu za watu. Sikuwa nimewahi kukitazama tu. Kiliingia chote, na nafasi ikabaki pembeni. Nyota za buluu, kali, na katikati yao vinyota ambavyo macho matupu hayavioni. Nilisahau kunung'unika. Nilisema "aisee" mara nyingi kama mtoto.

Baba mkwe akatazama, akavua kofia. Mke wangu akatazama, akaniminya mkono. Kisha ikawa zamu ya mama, na hapo tukaona taabu yake. Ili yeye akaribie darubini, ilibidi mimi niondoke. Nikarudi hadi kwenye minyaa. Akaja, akainama. Lakini mota ilikuwa imepumzika Sabato, na bila mota nyota hazikai, zinateleza zinatoka. "Zimeenda!" akasema. Akarudi mlangoni mwa ua ili mimi nije nilenge upya. Nikalenga, nikaondoka. Akaja, akatazama, zikaenda. Tukapishana hivyo hivyo, mimi nikitoka yeye akiingia, kwa adabu kubwa, huku mke wangu katikati akiwa ameketi chini kwa kicheko na machozi yakimtoka.

Mara ya mwisho alikaa muda mrefu ameinama.

"Yawa, jamani," alisema taratibu. Halafu, bila kugeuka: "Mwambie Ora ziko wengi kuliko nilijua."

Nilikwenda Mbita usiku ule nikiimba garini.

Ilibaki Jumamosi peke yake. Mchana kutwa nilitazama juu kama mtu aliyeanika mahindi. Kulikuwa na ukungu kidogo wa moshi, watu wakichoma mabua mashambani, lakini jua lilipozama anga lilikuwa linafaa. Ndani ya nyumba walifunga Sabato kwa wimbo, mimi nje nilikuwa nimeshafunga kila kitu, kidole juu ya kitufe, nikisubiri "amina." Ilipokuja, nikabonyeza.

Bomba lile dogo, niliposhusha miguu ya stendi, halikunifika kifuani. Upepo ulipita juu yake. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kamera, nyota zilikuwa vitone, na Kilimia chote kimekaa katikati. Nikaita mke wangu, akaitazama, akasema kwa sauti yake ya harusini, "Ukoo umeingia." Kazi sasa ilikuwa kuiacha kamera ipige: picha baada ya picha ya sehemu ile ile, nyingi, nije niziunganishe Migori kwenye kompyuta ziwe moja. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha ulinzi. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Alikuwa amelala kabla ya jina la pili.

Ndipo mchana uliporudi. Sijui niseme vipi vingine. Mafundi sokoni walikuwa wanajaribu taa, isije ikamwaibisha mheshimiwa kesho yake, na mlingoti mzima ukawaka kwa mpigo. Nikaona kivuli changu kwenye shamba la mtama. Jogoo akawika. Baba mkwe akashtuka kitini, akatazama mwanga, akanitazama mimi, na macho yakamtoka.

"Ora! Umelala hapa mpaka asubuhi!"

"Baba, ni taa!"

"Kumekucha, Ora! Watu watasema nini?"

Ilichukua muda kumtuliza. Huko sokoni watu walikuwa wanashangilia, na kutoka bomani nilisikia kigelegele kirefu, cha furaha tupu, na nilikijua ni cha nani. Ilikuwa taa yake. Yeye na wenzake ndio walioiomba. Sikuweza hata kuichukia vizuri. Nilitazama kamera: picha ya mwisho ilikuwa imejaa mwanga wa taa uliopiga ubavuni mwa lenzi, Kilimia kimezama ndani yake. Picha nilizokuwa nazo hazikutosha kitu. Nilikufa moyo. Nilikaa chini kwenye udongo nikashika tama.

Kigelegele kikakatika. Nadhani ndipo alipokumbuka. Nikasikia mlango wa nyumba, nikasikia hatua za haraka, na mama mkwe akatokea kwenye nafasi ya ua akiwa na blanketi zito mikononi.

"Muulize Ora hiyo taa inamsumbua kutoka upande gani."

"Ule," nikasema, nikionyesha, kabla mke wangu hajafungua mdomo.

Hakusema zaidi. Alishika pembe mbili za upande wake, akampa mke wangu upande wa pili, na wakalinyoosha lile blanketi kati ya darubini na soko. Aliponikaribia aligeuka, akanipa mgongo ili heshima isivunjike, akarudi kinyumenyume, hatua moja moja, mpaka akawa amesimama pale ambapo ningeweza kumgusa bega kwa mkono. Kivuli kikaishukia darubini. Kwa kuwa ilikuwa fupi, kiliifunika yote. Ile ya inchi nane ingechomoza juu ya blanketi kama twiga. Nikabonyeza. Mwanga wa taa bado ulikuwa angani kwa mbali, lakini haukupiga tena lenzi, na Kilimia kikarudi.

Nilitaka kukimbia kutafuta fito nichimbie, wapumzike. "Fito itaanguka na upepo," akasema kwa mgongo wake. "Mwambie apige."

Wakashika. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini kuipa mikono kitu cha kufikiria. Mimi sikuwa na la kufanya ila kusimama nyuma yake, karibu kuliko nilivyowahi kusimama, nikisikia harufu ya sabuni na moshi wa jikoni, na nikiwa na furaha kiasi cha kuona haya. Kuna wakati mkono wake wa kulia ulishuka. Mwanga ukapenya kwenye pembe, nikausikia wimbo ukisita.

"Mwambie Ora pole. Mkono imechoka."

"Si kitu, Mama," nikasema.

Nilimjibu mwenyewe, moja kwa moja. Lilinitoka tu. Mke wangu alinitolea macho kutoka upande wa pili wa blanketi.

"Haya," Mama akanijibu, na mkono ukapanda.

Saa tatu ilikuwa inakaribia. Niligeuka kwa baba mkwe, ambaye safari hii alikuwa macho kabisa, na nikamwona akiitazama saa yake chini ya mwanga ule mkubwa ambao ungemwonyesha hata mshale wa sekunde. Akashusha mkono wa shati ukaifunika.

"Saa yangu imesimama," akasema. "Sijui ni saa ngapi."

Tulimaliza Kilimia kikiwa kimeanza kuinama upande wa Mbita.

Migori nilikaa kwenye kompyuta siku kadhaa. Nilichagua picha safi, nikatupa kando zilizoharibika, nikaziunganisha safi peke yake. Na ndani yake ukatokea ule ukungu wa buluu unaozizunguka nyota za Kilimia, mwembamba kama mvuke wa chai, ambao hakuna jicho la Lambwe lililowahi kuuona. Niliichapa kubwa, nikaitia fremu nzuri, mke wangu akaipeleka. Nilisubiri sifa.

Alirudi na ujumbe. "Mama anasema asante sana, erokamano, ni nzuri. Lakini anauliza, pale mkono wake ulichoka ni wapi?"

"Hizo nilitoa. Zilikuwa zimeharibika."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema basi hii ni Kilimia ya watu wengine."

Nilifikiri juu ya hilo nikiwa napiga pasipoti za watu. Jioni nikafungua kompyuta. Zile picha mbovu zilikuwepo bado. Nikaziingiza, nikaunganisha upya, na kwenye pembe ya chini upande wa kulia ukatokea mwali wa rangi ya chungwa, umepanda mpaka karibu na nyota ya mwisho. Kundi la mtandaoni lingenifukuza. Nikaichapa.

Hiyo ndiyo iko ukutani Lambwe, katikati ya kalenda na harusi yetu. Mama sasa anauza nyanya hadi usiku chini ya mulika mwizi, bila tochi, na Kilimia cha nje kimefifia kama tulivyojua kitafifia. Mara ya mwisho tulipokwenda nilikuwa nimeketi mahali pangu, upana wa sebule kutoka kwake, na palikuwa na mgeni, mama wa kwaya, aliyesimama akiikagua picha.

"Ni nzuri," mgeni akasema. "Lakini mpiga picha ameharibu hapa kwa kona. Kuna kitu kama moto."

Mama mkwe aliinuka kwenye kochi lake, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya ile rangi ya chungwa.

"Hajaharibu," akasema. "Hapo ni mimi."